Aldolasi na formaldehidi: namna ya kutengeneza erithrulosi bila kuua kimeng'enya chako

Kila muhula napokea ujumbe ule ule, maneno tu ndiyo hubadilika: "Maalim, kimeng'enya kimekufa." Mwanafunzi amefuata karatasi mstari kwa mstari, amechanganya kila kitu saa nne asubuhi, jioni anapima, hakuna kitu. Anarudia na kimeng'enya kipya, hakuna kitu. Mara ya tatu anaandika kwamba plasmidi (kipande cha DNA kilichobeba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya) aliyotumiwa ni mbovu.

Mara nyingi plasmidi ni nzima. Tatizo liko kwenye formaldehidi: ilivyotayarishwa, ilivyomiminwa, na bafa (mmumunyo unaozuia pH isiyumbe) iliyokutana nayo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maabara ya kawaida ya kufundishia hapa Unguja au Pemba, yenye kabati la kufyonza hewa, sentrifyuji na spektrofotomita, na umeme usioaminika sana. Si kazi ya jikoni wala ya nyumbani.

## Tunachotengeneza

Kimeng'enya chetu ni FSA (aldolasi ya fruktosi-6-fosfati), kinachotoka kwa bakteria E. koli; aldolasi ni kimeng'enya kinachounga molekuli ndogo mbili kwa kaboni zao. Tunatumia aina yake iliyobadilishwa, A129S, ambayo inaishika DHA (dihidroksiasetoni) vizuri kuliko ile ya asili. DHA ina kaboni tatu, formaldehidi ina moja. FSA huziunga, ukapata L-erithrulosi, sukari ndogo yenye kaboni nne.

Erithrulosi ina soko lake. Wakemia huitumia kama tofali la kujengea molekuli kubwa zinazohitaji mkono mmoja tu, wa kushoto au wa kulia, yaani umbo moja kati ya mawili yanayofanana kama mtu na taswira yake kiooni. Pia imo ndani ya krimu za kujipaka ili ngozi iwe ya kahawia bila kukaa juani, pamoja na hiyo hiyo DHA. Wageni wanaojianika Nungwi kutwa nzima wangeweza kuinunua dukani kwao. Hilo waachie wenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kwa kimeng'enya: E. koli BL21(DE3) yenye plasmidi ya FSA A129S, chakula cha bakteria aina ya LB, antibiotiki inayolingana na plasmidi yako, IPTG (inayowaamuru bakteria watengeneze kimeng'enya), lisozimu (inayolainisha kuta za seli) kama huna mashine ya kuvunjia seli kwa mawimbi ya sauti, na mfuko wa dayalisisi (hupitisha molekuli ndogo, hubakiza protini).

Kwa mchanganyiko: HEPES (ndiyo bafa yetu), DHA, paraformaldehidi (formaldehidi iliyojiunga ikawa unga), magadi makali (NaOH) ya molari 1, na asidi ya salfuriki iliyozimuliwa sana.

Kwa vipimo: asetilasetoni, amonia asetati, asidi ya asetiki, bamba za silika kwa kromatografia, butanoli, chumvi ya trifenili tetrazoli, methanoli, albumini ya ng'ombe, na erithrulosi kidogo ya kununua kwa ajili ya kulinganisha. Hii ya mwisho watu huiruka kwa sababu ya bei, halafu wanabaki na doa wasilojua ni la nini.

Maji yawe yaliyochujwa kwa mashine ya maabara. Maji ya visima vyetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe na yamejaa chokaa. Ukiishiwa, maji ya betri kutoka karakana yanafaa kusuuzia vyombo, si kwa majaribio. Soma chupa mara mbili: maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja.

Barafu nunua ya kutosha. Ile ya wavuvi pale Malindi inafaa kabisa, mradi isiingie ndani ya neli.

## Kabla hujagusa formaldehidi

Formaldehidi ni gesi, na hata ikiwa ndani ya maji inatoka. Inachoma macho na koo, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kila chupa yake ifunguliwe ndani ya kabati la kufyonza hewa tu. Vaa glovu za nitrili, miwani ya kinga na koti. Umeme ukikatika kabati limesimama, kwa hiyo funika kila kitu, toka, funga mlango. Usijiambie utamalizia dakika mbili.

Usiichanganye na asidi ya hidrokloriki wala dawa ya kufulia yenye klorini. Ikikutana na asidi ya hidrokloriki, mvuke wake unaweza kuzaa kitu kibaya zaidi kuliko yenyewe.

DHA nayo si sumu ya kutisha, ila ukiishika mikono mitupu vidole vitageuka kahawia baada ya saa chache, na vitakaa hivyo karibu wiki nzima. Tulikuwa na msichana mmoja aliyekwenda harusini na vidole vitatu vyenye rangi isiyo hina. Alipata maswali mengi kuliko bibi harusi.

## Hatua ya 1: Otesha bakteria

Chukua koloni moja, ioteshe usiku kucha kwenye mililita 5 za LB yenye antibiotiki. Asubuhi imimine kwenye mililita 500 za LB mpya, nyuzi 37, ukitikisa. Ukungu wa bakteria ukifika 0.6 kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 600, weka IPTG ifike milimolari 0.5, shusha joto hadi nyuzi 30, acha hadi kesho.

Kusanya seli kwa sentrifyuji, dakika 15, kwa nguvu ya mara 5,000 ya mvutano wa dunia. Utapata donge la rangi ya maziwa ya kahawa. Unaweza kuligandisha hapo. Kama friza yako haina jenereta nyuma yake, liendee hatua ya pili siku ile ile.

## Hatua ya 2: Vunja seli, kisha chemsha

Yeyusha donge kwenye HEPES ya milimolari 50, pH 7.5, mililita 5 kwa kila gramu ya seli.

Kama huna mashine ya mawimbi, weka lisozimu miligramu 1 kwa kila mililita, acha juu ya barafu nusu saa, kisha gandisha na kuyeyusha mara tatu. Mchanganyiko utakuwa na utelezi kama bamia. Huo utelezi ni DNA. Uvute na kuusukuma kwa bomba la sindano nyembamba mpaka ukatike.

Sasa ndiyo raha ya FSA. Vimeng'enya vingi vya E. koli haviwezi joto, hiki kinaliweza. Nyuzi 75 kinazivumilia kwa saa nyingi. Kwa hiyo badala ya safu za kusafishia za bei kubwa, tunatumia beseni la maji moto.

Gawa mchanganyiko kwenye neli nyembamba, si kwenye chupa nene. Tia neli kwenye maji ya nyuzi 72 hivi, na chomeka kipimajoto ndani ya neli moja. Ndani kukifika nyuzi 70, anza kuhesabu dakika 30. Wengi huhesabu tangu neli ilipoingia majini, na katikati ya neli hakukuwahi kufika 60.

Utaona mchanganyiko unakatika kama tui lililopigwa na moto mkali: mabonge meupe yanajitenga na maji. Usiogope, ndicho unachotaka. Hizo ni protini zote usizozihitaji, na miongoni mwake vimo vimeng'enya ambavyo bakteria hutumia kujitetea dhidi ya formaldehidi. Vikibaki, vitakula formaldehidi yako na wewe utadhani aldolasi inafanya kazi.

Poza kwenye barafu dakika 10, kisha zungusha kwenye sentrifyuji kwa nguvu uliyonayo kubwa kuliko zote, dakika 30. Majimaji ya juu yawe maangavu, ya manjano kidogo, kama maji ya dafu. Yakiwa na ukungu, zungusha tena.

Ukiyapitisha kwenye jeli ya protini, inayozitenga kwa ukubwa, utaona mstari mmoja mnene karibu na kilodaltoni 23. Hiyo ni FSA. Mistari mingine miwili mitatu myembamba haina neno.

## Hatua ya 3: Ondoa takataka ndogo ndogo

Majimaji yako bado yana amino asidi na vipande vingine vidogo vya seli, na formaldehidi hupenda kushikana navyo. Yatie kwenye mfuko wa dayalisisi ndani ya lita 1 ya HEPES milimolari 20, pH 7.5, ndani ya friji usiku mmoja, ukibadilisha bafa mara moja.

Usitumie Tris, ile bafa nyingine ya kawaida. Nalisisitiza kwa sababu karatasi nyingi za kusafisha protini zinaanza na Tris, na hapa ndipo nusu ya walioniandikia walipoangukia. Tris ina kundi la amini (nitrojeni yenye hidrojeni) lililo wazi, na formaldehidi hulidaka papo hapo. Ukiwa na Tris milimolari 50 na formaldehidi milimolari 5, umeweka wezi kumi kwa kila mteja mmoja. HEPES nayo ina nitrojeni, ila imefungwa pande zote tatu, haina pa kushikwa. Chumvi za amonia nazo ni vivyo hivyo: kama uliivuna protini kwa amonia salfati, dayalisisi iwe ndefu maradufu. Bafa ya fosfati haina ugomvi na formaldehidi, lakini FSA imezoea sukari zenye fosfati, na fosfati iliyo huru hugombania pale pale pa kazi.

Pima protini, rekebisha iwe miligramu 5 kwa kila mililita. Kimeng'enya hiki ni kigumu, siku kadhaa ndani ya friji hazikiui.

## Hatua ya 4: Formaldehidi yenyewe

Hapa tulia.

Ile chupa ya formalini iliyo rafuni, ya kuhifadhia samaki, haifai. Ina formaldehidi asilimia 37 na juu yake methanoli asilimia 10 hadi 15 iliyowekwa ili isigande. Ikikaa miaka, sehemu ya formaldehidi huwa asidi ya fomiki na pH hushuka. Mtu mwema akiiweka kwenye friji, hutengeneza ukungu mweupe chini: hiyo ni formaldehidi iliyojiunga ikawa paraformaldehidi, maana yake nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya chupa si kweli tena.

Tengeneza yako mbichi:

Pima gramu 0.30 za paraformaldehidi, ndani ya kabati. Tia kwenye maji mililita 9 ndani ya chupa yenye kifuniko kisichokazwa sana. Pasha nyuzi 60 hadi 65. Itabaki kama maji ya chokaa. Dondosha NaOH ya molari 1, tone moja, subiri dakika mbili, tone jingine. Kwenye tone la pili au la tatu ukungu utapotea na maji yatakuwa safi ghafla, kama pazia limevutwa.

Simama hapo. Ukiendelea kutia NaOH na kuchemsha, formaldehidi hugeuzana yenyewe kwa yenyewe ikawa methanoli na fomati, nawe hutaona dalili yoyote kwa macho. Mmumunyo utakuwa safi, mzuri, na haufai.

Poza, chuja, rudisha pH karibu na 7 kwa tone la asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, fikisha mililita 10. Hiyo ni molari 1. Andika tarehe. Itumie siku ile ile, na keshokutwa itupe.

## Hatua ya 5: Jicho lako la kupimia

Huwezi kulisha kitu usichokiona kimepungua. Kipimo cha Nash ni rahisi na kinatosha.

Kwenye maji mililita 100 tia amonia asetati gramu 15.4, asidi ya asetiki mililita 0.3 na asetilasetoni mililita 0.2. Hifadhi kwenye chupa ya rangi ndani ya friji.

Kupima: chukua mikrolita 20 za mchanganyiko wako, tia kwenye mikrolita 980 za maji, ongeza mililita 1 ya dawa ya Nash, weka nyuzi 60 kwa dakika 10, poza, soma kwenye nanomita 412. Formaldehidi hutoa manjano. Manjano ya maembe mabivu maana yake ipo tele, manjano ya chai ya mchaichai maana yake imekaribia kwisha.

Kwa hesabu ya mzimuo huu, sampuli ya milimolari 5 inapaswa kusoma karibu 0.38 kwenye kisanduku cha sentimita 1, na ya milimolari 1 karibu 0.08. Zimua stoki yako (ile formaldehidi ya molari 1 ya hatua ya 4) mara 200, ipime kama sampuli. Ikisoma chini ya 0.30, stoki ni dhaifu. Rudi hatua ya 4 badala ya kuendelea kwa matumaini.

Chora mstari wako kwa milimolari 0, 1, 2, 3, 4 na 5. Ukipinda juu, umetia sampuli nyingi.

## Hatua ya 6: Changanya, na ulishe kidogo kidogo

Kwanza DHA. Unga wake una molekuli zilizoshikana mbili mbili, na ndani ya maji huachana polepole. Yeyusha miligramu 144 kwenye maji mililita 16 saa moja kabla ya kuanza, zitoshe chupa zote tatu. Hiyo ni milimolari 100 kwa hesabu ya molekuli moja moja, yaani uzito wa molekuli wa 90. Anayechukua 180 iliyoandikwa kwenye kopo atajikuta ameweka mara mbili.

Andaa chupa tatu ndogo zenye vifuniko vya kukaza:

Chupa A: HEPES ya milimolari 500, pH 7.5, mililita 1. DHA mililita 5. Kimeng'enya mililita 2. Maji mililita 1.5.

Chupa B: kila kitu sawa, ila badala ya kimeng'enya ni maji.

Chupa C: kila kitu sawa, ila badala ya kimeng'enya ni albumini ya ng'ombe, miligramu 5 kwa mililita.

Chupa C ndiyo watu huniuliza ya nini. Albumini haiungi chochote, lakini imejaa mahali pa formaldehidi kushika. Itakuonyesha ni kiasi gani kinapotea kwa sababu tu kuna protini. Wengine hutumia kimeng'enya kilichochemshwa kama ulinganisho, kama tulivyofundishwa skuli. Kwa FSA huo ni mtego: umekwisha kukichemsha kwenye hatua ya 2 na kikatoka kizima. Dakika tano kwenye maji ya moto hazikuhakikishii kitu.

Halijoto iwe kati ya nyuzi 25 na 30. Kwa hiyo Januari chumba kisicho na kiyoyozi kimepita kidogo, Julai kiko sawa bila ya mashine yoyote.

Sasa tia mikrolita 50 za formaldehidi ya molari 1 kwenye kila chupa. Hiyo inafanya milimolari 5 na chembe. Kaza kifuniko, geuza taratibu mara tano, pima kwa Nash mara moja. Baada ya dakika 30 pima tena.

Usitie sehemu ya pili mpaka chupa A isome chini ya milimolari 1. Ikichukua nusu saa, sawa. Ikichukua saa mbili, subiri saa mbili. Saa ya ukutani haina kauli hapa, kauli ni ya kipimo. Chupa B na C zipe sehemu yao kila unapoipa A, ili historia yao ilingane.

Fanya hivyo mara kumi, jumla mikrolita 500. Mwishoni kila chupa ina mililita 10, na DHA na formaldehidi zimeingia sawa kwa sawa, milimolari 50 kila moja.

### Kwa nini si yote kwa mpigo

Nenda kwenye kabati la vielelezo, mtazame changu aliye ndani ya chupa ya formalini. Mkunjie pezi, halikunjiki. Nyama imekuwa kama mti. Hajaoza kwa sababu formaldehidi imeingia kwenye protini zake, ikashika lisini hii na lisini ile (amino asidi zenye amini iliyo wazi) na kuzifunga pamoja, hata hakuna kinachosogea tena.

FSA ni protini, na kazi yake yote inategemea lisini moja iliyoko ndani yake, ambayo huishika DHA kwanza kisha kuipeleka kwa formaldehidi. Ukimimina mikrolita 500 kwa mara moja, umeweka milimolari 50 za formaldehidi mbele ya kimeng'enya ambacho hakijapata nafasi ya kuila. Kinageuka yule changu. Ukiilisha kidogo, formaldehidi hushikwa na DHA kabla haijapata muda wa kumfunga mfanyakazi mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo DHA lazima iwemo tangu mwanzo, na formaldehidi iingie ya mwisho.

Mimi nililijua hilo kwa kusoma, na bado mara ya kwanza nilimimina zote. Ilikuwa alasiri ya Ijumaa, boti ya kwenda Pemba saa imekaribia, nikaona mikrolita 500 ni kitu gani. Jumatatu nilikuta vijiuzi vyeupe vinaelea. Miligramu 10 za FSA, kazi ya siku nne, zimeganda.

## Hatua ya 7: Hakikisha kwamba ni erithrulosi

Formaldehidi kupungua si ushahidi wa zao. Inaweza kuwa imevuka hewani kwa sababu kifuniko kililegea, imeshikwa na protini, au imeliwa na bafa. Ndiyo maana ya B na C. Lakini hata A ikipungua na nyingine zikabaki, bado doa linahitajika.

Chukua mikrolita 100 za kila chupa, ongeza methanoli mikrolita 100, zungusha kwenye sentrifyuji ili protini ikae chini. Kwenye bamba la silika weka madoa ya mikrolita 1: DHA safi, erithrulosi safi, chupa A, B, C, na doa la sita ambalo ni A na erithrulosi juu yake. Endesha kwa butanoli, asidi ya asetiki na maji, nne kwa moja kwa moja. Inachukua muda, nenda ukasali.

Kausha bamba vizuri ndani ya kabati. Nyunyizia mchanganyiko, sawa kwa sawa, wa chumvi ya tetrazoli asilimia 1 ndani ya methanoli na NaOH ya molari 1, uliochanganywa wakati ule ule. Madoa ya DHA na erithrulosi yatachipuka mekundu kama tungule kwa dakika chache, bila moto. HEPES na formaldehidi hazitoi rangi, na ndiyo sababu napendelea dawa hii kuliko pamanganeti, ambayo huchafua bamba zima.

Doa la DHA hupanda juu kidogo, la erithrulosi hubaki chini yake. Umefanikiwa ukiona hivi: kwenye A doa la chini limekolea na la juu limefifia, kwenye B na C ni la juu peke yake, na doa la sita halijagawanyika mawili. Kama formaldehidi yote ingegeuka zao, mililita 10 zingekuwa na miligramu 60 za erithrulosi. Usizitarajie zote.

Bamba hili haliwezi kukwambia kama ni ya mkono wa kushoto au wa kulia. Kwa hilo utahitaji safu maalumu ya kromatografia katika maabara kubwa zaidi.

## Dalili na maana zake

Vijiuzi vyeupe ndani ya A: umelisha haraka. Ongeza kimeng'enya kipya mililita 1 na punguza kila sehemu iwe mikrolita 25. Mara nyingine kazi huokoka.

A inakuwa kahawia na harufu ya sukari iliyoungua: pH imepanda au chumba kina joto. DHA huharibika kwenye hali ya magadi. Pima pH ya stoki ya formaldehidi, huenda matone yako ya NaOH yalikuwa matano.

A, B na C zote zinapungua sawa: kifuniko, au kuna amini mahali. Soma tena kopo la bafa. Nimewahi kuona Tris imeandikwa HEPES kwa kalamu.

A inapungua vizuri sehemu tatu za mwanzo, kisha inasimama: kimeng'enya kimefungwa polepole. Kiongeze kiwe mara mbili tangu mwanzo. Ni nafuu kuliko kuanza upya.

Hakuna kinachopungua popote, wala doa: rudi kwenye jeli ya protini. Kama mstari wa kilodaltoni 23 haupo, hapo ndipo una haki ya kuilaumu plasmidi.

## Mabaki

Majimaji yenye formaldehidi yaingie kwenye chupa ya taka yenye jina, tarehe na kifuniko. Si sinki. Mifereji yetu haina safari ndefu kabla ya kufika baharini. Bakteria waliobadilishwa, pamoja na chakula chao, waingie otoklevu (chungu cha mvuke wenye shinikizo) kwa nyuzi 121, dakika 20, kabla ya kutupwa.

## Ukitaka kubadilisha aldolasi

Utaratibu wa kulisha unabaki ule ule, mengine yanabadilika. Aldolasi ya threonini huunga formaldehidi na glisini ikatoa serini, ila inahitaji piridoksali fosfati, kisaidizi chake, na glisini yenyewe ni amini: kipimo cha Nash kitashuka hata kwenye chupa B, kwa hiyo usihukumu kwa kupungua tu. Aldolasi za piruvati za kundi la pili, kama YfaU ya E. koli, huunga formaldehidi na piruvati, na zao lake likipewa kundi la amini huwa homoserini. Hizo zinataka madini kama magnesi, basi usitie EDTA, inayonyakua madini, mahali popote, na usizipeleke kwenye maji ya nyuzi 70. Zitakatika pamoja na tui lingine.